Siku Inaanzia Wapi? Hesabu ya Tarehe kutoka Pwani hadi Mirongo

Katika kazi zote azifanyazo mwandishi wa historia, hakuna ionekanayo nyepesi kama kuhesabu siku. Tarehe mbili zikiwa mkononi, moja hutolewa katika nyingine, na kinachobaki ndicho muda uliopita. Siku hizi hata kidole hakihitajiki. Lugha za skripti, yaani zile lugha za kompyuta ambazo mtu huandika mistari michache na mashine ikaitekeleza papo hapo, hujibu swali hilo kabla mwulizaji hajameza mate. Mwambie Python atoe 10 Desemba 1963 katika 12 Januari 1964, naye atajibu 33. Mwambie atoe 12 Januari 1964 katika 26 Aprili mwaka huohuo, atajibu 105. Basi tangu Zanzibar ipate uhuru hadi Mapinduzi ni siku 33, na tangu Mapinduzi hadi Muungano ni siku 105, ambazo ni wiki 15 kamili. Jumapili ile ilizaa Jumapili nyingine.

Majibu hayo ni sahihi. Lakini usahihi wake ni wa namna fulani tu, na makala haya yanakusudia kuonyesha namna hiyo na mipaka yake. Mashine haikosei katika kutoa wala katika kujumlisha. Inachokosa ni kuuliza. Haiulizi siku ya msemaji inaanzia wapi, haiulizi mwezi wake ni upi, wala haiulizi kama anazihesabu ncha zote mbili za kamba au moja. Maswali hayo matatu watu wa pwani na watu wa bara wamekuwa wakiyajibu kwa karne nyingi bila mashine, na majibu yao yamo ndani ya hati, ndani ya tenzi na ndani ya makaburi yetu.

Ncha mbili za kamba

Tuanze na lililo jepesi. Mtu akisema kwamba msiba ni wa siku tatu, ameihesabu na siku ya kwanza yenyewe. Mashine haifanyi hivyo. Kwa mashine, kutoka Jumatatu hadi Jumatano ni siku mbili, kwa kuwa hupima umbali baina ya vigingi na haivihesabu vigingi. Kwa mwombolezaji, Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni siku tatu, kwa kuwa yeye anazihesabu siku alizokaa matangani. Hakuna aliyekosea. Wameulizwa maswali mawili tofauti yaliyovaa nguo moja. Hivyo serikali iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 iliishi siku 33 kwa mwenye kupima umbali, na 34 kwa mwenye kuihesabu kila siku ambayo jua liliikuta madarakani. Mwanahistoria akikuta namba mbili katika vitabu viwili, asiharakishe kumwita mmoja mwongo.

Kiswahili chenyewe kina hesabu zote mbili. Tunaposema kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, leo ni sifuri na mtondogoo ni siku ya nne mbele yetu. Huo ni umbali. Lakini tunaposema Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, tunaihesabu siku ya kwanza baada ya Ijumaa kuwa ya mosi, ya pili yake ni ya pili, na kadhalika. Huko hakuna sifuri. Lugha za kompyuta nazo hazikubaliani. Jumanne, ambayo kwetu ni siku ya nne, Python huipa namba 1 kwa kuwa Jumatatu yake ni sifuri, na JavaScript huipa namba 2 kwa kuwa sifuri yake ni Jumapili. JavaScript hiyohiyo huiita Januari mwezi wa 0 na Desemba mwezi wa 11. Anayedhani kwamba namba ni lugha moja ya walimwengu wote na atazame hapo.

Siku inapozaliwa

Swali la pili ni zito zaidi. Kwa serikali na kwa mashine, tarehe hubadilika saa sita usiku. Kwa Mswahili wa pwani, siku huzaliwa jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana tunasema usiku wa Ijumaa kwa ule usiku ambao kalenda ya ukutani bado inauita Alhamisi. Usiku wa Mapinduzi ni mfano ulio wazi. Kwa hesabu ya saa sita, mkesha ule umekatwa vipande viwili: kipande cha tarehe 11 na kipande cha tarehe 12. Kwa hesabu ya magharibi, mkesha wote ni mmoja, nao ni usiku wa Jumapili. Mzee akisimulia kwamba jambo fulani lilitokea usiku wa Jumapili, na mwandishi kijana akaenda kuandika usiku unaofuata mchana wa Jumapili, amelisogeza tukio kwa saa 24, na mashine haitamzuia.

Wala tusidhani kwamba desturi yetu ni ya watu wasiojua elimu ya nyota. Wanajimu wa Ulaya nao waliikataa saa sita ya usiku. Kwa muda mrefu waliianza siku yao adhuhuri, ili usiku mmoja wa kutazama nyota usigawanyike katika tarehe mbili, na ni mwaka 1925 tu ambapo majedwali yao rasmi yalihamia usiku wa manane. Hesabu yao ya siku mfululizo ingali inaanza adhuhuri hadi leo. Sababu yao ni ndugu wa sababu yetu: kazi iliyofanywa katika usiku mmoja ibaki katika siku moja.

Sasa tuondoke kisiwani, tuvuke bara mpaka Mwanza, kwenye kata ya Mirongo, kando ya mto wenye jina hilo ambao hupita katikati ya mji na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mirongo iko magharibi yetu kwa digrii sita na ushei. Jua huchukua dakika nne kuivuka kila digrii moja, basi hutuaga sisi wa Unguja takriban dakika 25 kabla ya kuwaaga watu wa Mirongo, kwa kuzidi au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Saa za mikononi ni moja, kwa kuwa nchi nzima imo katika saa tatu mbele ya Greenwich. Lakini kwa mwenye kuihesabu siku tangu magharibi, kila jioni ipo robo ya saa na zaidi ambayo Unguja imeshaingia Jumatano na Mirongo ingali katika Jumanne. Mtoto aliyezaliwa katika dakika hizo ana siku mbili za kuzaliwa, kutegemea yuko upande gani. Skripti iliyoandikwa kwa saa moja ya taifa haina mahali pa kuziweka dakika 25 hizo.

Siku moja, majina matatu

Ziwa hilo liliingia katika vitabu vya Ulaya kwa tarehe maalumu: 3 Agosti 1858, siku ambayo John Hanning Speke, aliyetoka Kaze karibu na Tabora ya leo, aliyatazama maji yake makuu kutoka upande wa Mwanza. Wenyeji walikuwa wakiyanywa na kuyavua tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni tarehe. Lakini tarehe hiyo ni ya daftari la Speke tu. Msafara wake ulikuwa na watu wa pwani, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, na kalenda waliyoizoea watu wa pwani haikuwa na Agosti.

Kwa jedwali la Hijria, siku ile ilikuwa Jumanne ya tarehe 22 Mfungo Tatu mwaka 1274. Zilikuwa zimebaki siku nane tu kuingia Mfungo Nne, ambao ndio mwezi wa kwanza wa mwaka mpya wa 1275. Miezi yetu tunaihesabu tangu kufungua Ramadhani, lakini mwaka wa Hijria hubadilika katikati ya hesabu hiyo; nalo ni jambo jingine ambalo mashine haitalijua mpaka ielezwe.

Tena palikuwa na kalenda ya tatu, ile ya mabaharia na wakulima, ya Nairuzi. Mwaka wake ni siku 365 kavu, bila siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Siku zake huhesabiwa kwa makumi yaitwayo miongo, na baharia alijua pepo na wakati wa kusafiri kwa kutaja mwongo. Jina la Mirongo likitamkwa mbele ya mtu wa pwani humkumbusha neno hilo, kwani hata Wamijikenda na Wagikuyu huyaita makumi mirongo. Sisemi kwamba mto ule ulipata jina lake hapo; nasema mlingano huo wa sauti unafaa kutukumbusha kwamba kuhesabu kwa makumi ni mali ya Wabantu wa pwani na wa bara, hakukuja na mashine. Kwa miongo hiyo, Speke alifika ziwani mwaka wa Nairuzi ukiwa unakaribia kwisha, kwenye makumi ya mia tatu na arobaini hivi. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili kilichotoka 1870, aliikuta Nairuzi mwishoni mwa Agosti. Leo Mwaka Kogwa wa Makunduchi huwa Julai. Sherehe haikuhamishwa na mtu. Ni ile robo ya siku isiyojazwa kila mwaka, iliyorundikana ikawa mwezi mzima.

Mwaka wa mshairi

Wapenzi wa tenzi wana haki ya kuuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana, kwani umri wa fasihi yetu umejengwa juu ya kubadili tarehe za Hijria kuwa za Miladi. Utendi wa Tambuka, kazi ya Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, una mwaka 1141 wa Hijria, na vitabu huandika 1728. Njia ya mkato inajulikana: gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, utoe jibu katika mwaka wenyewe, kisha ujumlishe 622. Ukifanya hivyo kwa 1141 utapata 1728 na kitu kidogo juu yake. Kitu hicho kidogo ndicho chenye habari. Kwa jedwali, mwaka 1141 ulianza tarehe 7 Agosti 1728, ukamalizika Julai 1729. Basi sehemu yake kubwa iko katika 1729. Mwandishi asemaye 1728 ameuchukua mwaka ambamo 1141 ulianzia, na mwaka mmoja una miezi mingi kabla na baada. Mshairi hakutudanganya, alitupa mwaka wake, nasi tukambadilishia bila kumwuliza mwezi. Uaminifu ni kuandika 1141, kisha 1728/29, tukaachia hapo.

Jedwali lenyewe nalo si mwezi. Miaka 30 ya Hijria katika jedwali ina siku 10,631: miaka 19 ya siku 354 na miaka 11 ya siku 355. Programu nyingi hufuata ama jedwali hilo ama kalenda ya Ummul-Qura ya Saudi Arabia. Lakini mwezi wa watu wetu ni mwezi mwandamo, unaotazamwa kwa macho, na wingu moja magharibi likitosha kuusogeza kwa siku nzima. Kwa hiyo tarehe ya Hijria iliyotolewa na kompyuta ni kisio la siku moja mbele au nyuma, hata ikiwa imeandikwa kwa wino mweusi kabisa. Hati iliyotaja na siku ya juma ndiyo inayotuokoa, kwa kuwa juma halijawahi kukatika: ikiwa jedwali latoa Jumatatu na mwandishi kaandika Jumanne, tunajua kwamba kwao mwezi uliandama siku moja baadaye.

Sifuri ya mashine

Mashine nayo ina Hijra yake. Lugha nyingi za skripti huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, siku ya Alhamisi, kwa saa ya Greenwich. Kila kilichotokea kabla ya hapo ni namba ya chini ya sifuri. Mapinduzi ya Zanzibar ni siku ya −2,181. Speke ziwani ni siku ya −40,693. Hapana ubaya katika hilo. Kila kalenda yahitaji kigingi, na wanajimu wana kingine walichokichimba tarehe 17 Novemba 1858, siku 106 baada ya Speke kuliona ziwa. Ubaya huja pale sifuri inapogeuka kuwa mpaka wa kumbukumbu.

Lugha hizo huchota saa za miji ya dunia katika hazina moja ya pamoja. Watunzaji wake huahidi usahihi tangu 1970. Yaliyotangulia si dhamana yao. Zamani Dar es Salaam ilikuwa na kumbukumbu yake humo, iliyosema kwamba Tanganyika, tangu 1948 hadi 1961, ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Katika miaka ya 2010 kumbukumbu hiyo iliondolewa kwenye orodha kuu na kuwekwa pembeni, na jina la Dar es Salaam likafungwa kwenye la Nairobi, kwa kuwa tangu 1970 saa zao ni sawa. Zanzibar haina jina lake humo kabisa. Hivyo anayeuliza leo saa ya Mwanza ya mwaka 1955 hujibiwa kwa historia ya Nairobi, tena kwa uhakika, bila kutahadharishwa kwamba jibu limeazimwa kwa jirani. Robo ya saa si kitu kikubwa, ila kwa mwenye kutafuta ni siku gani mtu alizaliwa karibu na usiku wa manane ndiyo yote.

Siku tano

Mtu anaweza kusema kwamba hizi ni hoja za watu wa maktaba. Kwa hiyo turudi ziwani kwa mara ya mwisho. Asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Tangu Jumanne ya Speke hadi Jumanne hiyo ni siku 50,330, wiki 7,190 bila kuzidi siku. Mashine inalijua hilo mara moja, wala halimfai mfiwa kwa lolote.

Kinachomfaa ni hiki. Arobaini ya marehemu ni lini? Ukiihesabu siku ya kifo, ni tarehe 29 Juni. Ukimwambia Python ajumlishe 40, atakupa 30 Juni, na waalikwa wangefika siku moja baada ya dua. Eda ya mjane Mwislamu inakwisha lini? Sheria ni miezi minne na siku kumi, nayo ni miezi ya mwandamo. Tarehe 21 Mei 1996 kwa jedwali ni 3 Mfungo Nne 1417. Miezi minne ya mwandamo yatufikisha 3 Mfungo Nane, na siku kumi zatufikisha 13 ya mwezi huo, ambayo ni 26 Septemba 1996. Lakini skripti iliyoambiwa tu ijumlishe miezi minne na siku kumi, nayo haijui mwezi mwingine ila wa Miladi, itasema 1 Oktoba. Tofauti ni siku tano. Siku tano za mjane aliyekaa ndani, asiyejipamba, huku watoto wakihitaji kula, si namba ya kupuuzwa. Na aliyeipanga hesabu hiyo hakukosea hata tarakimu moja. Alikosea kuuliza mwezi wa nani.

Kwa hiyo nasaha kwa vijana wetu wanaoandika programu, na kwa wanafunzi wanaozikusanya habari za wazee, ni fupi. Tarehe isihifadhiwe peke yake. Iandikwe pamoja na kalenda yake kama alivyoitaja msemaji, siku ya juma, mahali, na kama ni kabla ya magharibi au baada yake. Kubadili kuwa Miladi kufanywe pembeni, na asili isifutwe. Panapokuwa na shaka ya siku moja, iandikwe shaka hiyo, kama mwandishi mwaminifu wa 1141 aandikavyo 1728/29. Kazi yenyewe yachukua safu nne au tano za ziada katika jedwali, na mashine hazilalamiki kwa kupewa safu.

Siku hazigandi, walisema waliotutangulia. Naam, hazigandi, ila hupotea, na aghalabu hupotea mikononi mwa mtu anayezihesabu vizuri.